Shubiri Nzima Juu ya Korongo

Jumatatu, 3 Machi

Hospitali wamesema Mama mkwe anaruhusiwa Jumamosi. Nyonga inaunga vizuri. Ila daktari ametoa onyo: asitikiswe. Akitikiswa njiani, chuma walichomwekea kinaweza kusogea, na atarudi kupasuliwa upya. Mke wangu aliposikia hivyo alikaa kwenye ngazi za hospitali, akalia kidogo, kisha akauliza mama yake atafikaje kwetu.

Swali la haki. Tangu mvua zichimbe korongo na kuikata njia yetu, hakuna gari linalofika mlangoni. Pikapu yangu ilijaribu juzi ikakalia tumbo, magurudumu yananing'inia. Watoto wa jirani wamelipa korongo jina langu.

Shemeji, kaka yake mke wangu, muuza magodoro, amejitolea kumleta mama yake kwa kigari chake. Kigari chenyewe kiko chini kiasi kwamba kikikanyaga njiti ya kiberiti kinapiga kelele. Nimemwambia asijisumbue, Mama anakuja na mimi. Ukoo mzima ulipokataa binti yao aolewe na fundi friji, huyu mama peke yake ndiye aliyenikaribisha ndani na kunipa kiti. Sijalisahau hilo. Sitalisahau.

Mpango: kuinua pikapu, kuivalisha tairi kubwa, na kulivuka korongo kama mtu anavuka kizingiti.

Jumanne, 4 Machi

Gereji. Fundi alikuwa chini ya gari la mtu, nikazungumza na miguu yake. Miguu ikasema inawezekana. Tuinue vidole vinne tu, tairi zipate nafasi ya kuzunguka bila kukwangua madigadi. Spring ndefu zilizo laini, na shokapu ndefu za kuendana nazo. Kwa maneno yake, spring huinua gari, shokapu hulituliza, na mwenye haraka hupata la kwanza akakosa la pili. Spring laini zinaingia wiki ijayo.

Wiki ijayo! Mama anatoka Jumamosi.

Nikamweleza kwamba mimi pia ni fundi, mitambo haina siri kwangu. Tena nikapendekeza shubiri nzima badala ya vidole vinne. Kama vidole vinne ni vizuri, shubiri ni bora zaidi, hesabu hiyo haihitaji shule. Akatoa kichwa nje akaniuliza kama nataka kwenda mwezini.

Nimetoka hapo moja kwa moja hadi kwa muuza vyuma chakavu. Nimepata spring za lori. Nene, nzito, haziogopi mtu. Fundi amekubali kuzifunga, lakini kwanza amewaita wenzake wote wa gereji wasikie kwamba yeye hakunishauri.

Alhamisi, 6 Machi

Gari limesimama. Sina neno jingine. Nikikaa kwenye usukani naona ng'ambo ya ukuta wa jirani, nguo zake kwenye kamba, na jirani mwenyewe akinitazama bila furaha. Korongo nimelivuka mara nne. Ya nne haikuwa na sababu yoyote.

Jaribio la utulivu. Nimechukua beseni la mke wangu, nimelijaza maji, nimeliweka kwenye kiti atakachokalia Mama, nikaendesha hadi barabara kubwa. Nimefika na beseni tupu, suruali imelowa chepechepe, ulimi nimeung'ata. Gari linaruka kama ndama aliyefunguliwa. Nimezima injini nikakitazama kile kiti. Nikamwona Mama amekikalia, na chuma kikisogea ndani ya nyonga yake. Niliogopa, na woga huo ulikuwa wa kweli.

Nikarudi kwa fundi. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Amesema spring za lori zinangoja mzigo wa lori. Gari likiwa tupu hazina sababu ya kupinda, kwa hiyo kila shimo linakuja hadi mgongoni mwa abiria.

Mzigo, kumbe! Angesema mapema. Fundi anadai alisema, na kwamba nilikuwa nimeshaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Mifuko ya mchanga. Nimepakia nyuma ya pikapu mingi kadiri kiuno kilivyoniruhusu. Gari likashuka kidogo na kutulia kama mzee aliyeshiba. Nikarudia safari na beseni: maji yamecheza tu ukingoni. Nimemwita mke wangu ashuhudie, akakiri. Ameniangalia kama siku za uchumba, nami moyo ukatulia kuliko hata gari.

Shemeji amekuja jioni kwa miguu, kigari amekiacha ng'ambo ya korongo. Ameizunguka pikapu polepole, mikono nyuma, kisha akauliza mama yake atapandaje. Nikamjibu kwamba atapandia mlangoni, kama watu wote. Akaupima mlango kwa macho. Wivu ni maradhi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe. Nimeiosha pikapu ikang'aa. Lakini mifuko miwili ilikuwa imepasuka, mchanga umetapakaa nyuma kote, nami nilihitaji nafasi ya sanduku la Mama na magongo yake. Na heshima je? Mama mkwe asafirishwe na mchanga kama tofali? Nikaishusha mifuko yote kando ya korongo. Nilijiambia uzito wa Mama na sanduku utatosha kuzipindisha spring. Kwenda hospitali nimeruka njia nzima, nikajiambia kurudi nitaendesha taratibu.

Huko kurudi hatukufika. Mama aliletwa nje kwa kiti cha magurudumu, amepungua, kitambaa chake kimefungwa vizuri. Akaitazama tairi. Akapandisha macho, akapandisha tena, hadi akanifikia.

"Mwanangu," akasema, "shuka basi nikusalimie. Huko uliko sikufikii."

Nikashuka. Kushuka kwenyewe sasa ni kuruka. Nikafungua mlango wa abiria, na sakafu ya gari ikawa usawa wa kifua chake. Mimi ni mkwe, siwezi kumbeba Mama, hata nesi hakunitazama kwa hilo. Shemeji, mwanawe wa kumzaa, aliyetangulia na mke wangu kwa kigari chake, akajaribu. Alimwinua hadi nusu, Mama akaguna kwa maumivu, akamrudisha kitini pole pole. Hakuna aliyenisema. Mke wangu alikuwa anavitazama viatu vyake. Afadhali wangenisema.

Shemeji akafungua kigari chake. Kiti cha mbele kimelazwa, kimetandikwa kigodoro. Mama akageuzwa, akaketi, akavutwa miguu ndani. Basi, imekwisha.

Nikawafuata na sanduku. Nilibaki na tumaini moja. Si zuri, lakini haya ni maandishi yangu mwenyewe: nilitumaini korongo. Kigari kitasimama pale, na mimi nitahitajika. Nilichelewa kwa sababu sanduku liliruka nje, nikarudi kuliokota, likaruka tena. Nilipofika, korongo halikuwepo. Shemeji na yule jirani wa ukuta walikuwa wameipanga mifuko yangu humo ndani, wameishindilia kwa miguu, na kigari kilikuwa kinapita juu yake kwa mwendo wa kinyonga. Mama hakutikisika. Niliuona mkono wake dirishani, umetulia.

Nilishukuru Mungu. Pia nilikasirika.

Jumapili, 9 Machi

Mama amelala vizuri. Asubuhi ameuliza ile mifuko aliileta nani. Shemeji angeweza kujibu lolote. Akamwambia ni mkwewe. Mama akaniita, akanishika mkono, hakuuachia upesi. Akasema anajua tangu zamani kwamba namjali. Nimetoka nje nikasimama kivulini mwa pikapu, maana sasa ina kivuli cha kutosha watu wawili, nikafuta macho.

Mke wangu alinifuata. Akasema kwa upole nizirudishe spring za zamani. Njia imekuwa sawa, Mama anatakiwa kliniki mwisho wa mwezi, na gari la kawaida litamfikisha.

Nimewaza sana juu ya maneno yake. Nimekiri mbele yake kwamba nilikosea, na kosa nimeliona wazi. Gari halina tatizo. Kilichokosekana ni namna ya kumpandisha Mama. Stoo nina mota ya friji la zamani, nina mnyororo, nina kiti cha mbao chenye mikono. Kiti kitapanda ubavuni mwa gari polepole, yeye ameketi humo kama malkia, hakuna wa kumbeba. Lakini safari hii sikurupuki. Mgonjwa hajaribiwi. Kwanza nitapandisha na kushusha mzigo wenye uzito wake, hadi niwe na hakika.

Mzigo wenyewe upo, umelala bure. Kesho asubuhi nakwenda kuichimbua ile mifuko.

Mke wangu ameuliza, na korongo je? Nimemshangaa. Korongo, gari langu linalivuka.