Aliyelewa ni Gari, Si Mimi

Kamenu, Thika,
9 Julai, 1956.

Ndugu Katibu wa Baraza la Wazee wa Kanisa, Ruiru,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, na sasa ninakujibu kwa heshima yote iliyobaki.

Baraza limenivua uenyekiti wa Chama cha Kupinga Pombe na kunizuia kushiriki Meza ya Bwana, kwa sababu eti "gari yako inanuka pombe." Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna "gari yako". Kuna gari lako, nalo si "inanuka", bali "linanuka". Nilikufundisha ngeli, Kiilu, ukiwa darasa la nne, nawe ulilia. Naona ulilia bure.

2. Gari langu lina chupa ndogo chini ya boneti, na bomba la kukanyaga linalorusha maji kwenye kioo cha mbele. Sikukurupuka kuchagua cha kutia humo. Nilianza na maji ya mto Chania. Mvua iliponyesha, yakaongeza udongo kiooni badala ya kuuondoa. Nikajaribu maji ya sabuni ya kipande. Povu likafunika kioo chote, na vijana wa sokoni Ruiru wakapiga kelele, "Mwalimu, gari yako imeshikwa na kichaa cha mbwa!" (Gari yako, tena.) Fundi Swaleh alinishauri, "Mzee, tia maji ya mvua, basi." Lakini Swaleh hajakisoma kijitabu cha gari. Mimi nimekisoma. Kiliandikwa Uingereza, na kinasema wazi kwamba wakati wa baridi maji huganda, kwa hiyo sharti yatiwe spiriti. Sasa ni Julai. Nimevaa sweta.

3. Spiriti ilikwisha dukani. Hapo nikatumia akili. Spiriti ni kileo kikali. Machozi ya simba, yanayopikwa nyuma ya nyumba ya Ngendo, ni kileo kikali. Isitoshe, kioo ni jicho la gari, na jicho huoshwa kwa nini kama si kwa machozi? Nilinunua chupa mbili mchana peupe, nikiwa nimevaa beji ya Chama, ili kila mtu ajue kwamba sinunui kwa ajili ya kunywa.

4. Jumapili nililikanyaga bomba mbele ya mlango wa kanisa. Kitundu kilikuwa kimeelekea juu. Machozi yakaruka paa la gari, yakamwogesha Mama Mumbi, kiongozi wa akina mama. Alilamba mdomo, akasema mbele ya waumini wote, "Ngai! Hii ni ya Ngendo!" Naliuliza Baraza: alijuaje? Mimi niliyezibeba chupa hizo nisingeweza kuyatofautisha machozi hayo na mafuta ya taa. Ajabu ni kwamba aliyeonja amekuwa shahidi, na aliyeosha kioo amekuwa mshtakiwa.

5. Kwa kuwa gari ndilo lililokunywa, gari ndilo litengwe. Liegeshwe nje ya ua wa kanisa, lisiwabebe wazee, na likionyesha dalili za toba lipokewe tena kwa wimbo. Mimi nirudishiwe kiti changu kabla ya Jumapili ijayo, maana tayari nimeandaa hotuba juu ya madhara ya tembo.

Ushahidi wangu mkubwa ni barua hii yenyewe. Mlevi hujulikana kwa ngeli: kabla miguu haijamponyoka, upatanisho umekwisha kumponyoka. Isomeni nyote, mstari kwa mstari. Mkiona kosa moja tu, nitengeni maisha, nami sitafungua kinywa.

Unisalimie Mchungaji, wanakwaya wa sauti zote, Mama Mumbi ikiwa amekauka, na mkeo Syokau, ambaye darasani hakukosea ngeli hata siku moja na angefaa zaidi kuwa Katibu.

Ni mimi, mkavu wa mwili na wa roho,
Zacharia Ndambuki,
Mwalimu Mstaafu.

Tanbihi: Ili nisije nikatetea jambo nisilolijua, jioni hii nimeyaonja yaliyobaki chupani, kijiko kimoja. Halafu kijiko ingine. Halafu nikaweka kijiko chini. Kiilu kijana yangu, hii machozi iko mzuri sana. Mama Mumbi alisema kweli, yeye ni mtu kubwa. Naona mpaka Ruiru na kioo haiko. Tafadhali msitenge gari yangu. Gari yangu haina makosa.