Mbia wa Kampuni Zote

Ilitangazwa, na kila mwenye masikio akasikia, kwamba kuanzia Jumatatu ubaguzi katika taaluma ya sheria ungekoma saa nne asubuhi, mara tu baada ya chai. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa Chama cha Mawakili, chini ya lile la mwavuli uliopotea. Lilitiwa saini na Mwenyekiti mwenyewe, kwa kalamu ya wino mzito anayoitumia kwa mambo ya kihistoria na kadi za harusi.

Mwenyekiti alikuwa na haraka kidogo na haki. Kiti cha jaji kilikuwa wazi, na Tume ya Uteuzi ilikuwa imedokeza kwamba safari hii ingemtazama kwa jicho zuri mtu aliyefanya jambo kuhusu ujumuishi. Kiti hicho Mwenyekiti alikitamani tangu hajaota ndevu. Joho alikwisha kushona. Lilining'inia kabatini nyumbani, na mkewe alilipiga pasi kila Ijumaa ili lisikate tamaa.

Basi ikaundwa Kamati Maalumu ya Kufuatilia Mchanganyiko wa Watu katika Taaluma. Wajumbe walikuwa Mwenyekiti, shemeji yake ambaye naye ana kampuni ya uwakili, rafiki yao waliyesoma naye dawati moja, na mkwe wa rafiki huyo. Ajenda ya kwanza ilikuwa kujiuliza kama kamati yenyewe ina mchanganyiko. Walitazamana kwa makini. Mmoja alikuwa na upara, mwingine alivaa miwani, wa tatu hanywi chai yenye sukari. Ikaazimiwa kwamba mchanganyiko upo, tena wa kupigiwa mfano, na kikao kikahamia kwenye vitafunio.

Wakishafuta midomo, wakaazimia kwamba kila kampuni ya uwakili ikaguliwe. Miongoni mwa wabia wake, yaani wale wenye kampuni na wenye kauli, awemo mwanamke, awemo kijana, awemo mwenye ulemavu, awemo mtu aliyetoka mbali na mji, na awemo mtu ambaye kwao hajawahi kutokea wakili. Ili pasiwe na ujanja, mwenye kampuni angethibitisha hayo kwa kiapo.

"Hapo umepiga penyewe," alisema shemeji. Kisha akashusha sauti. "Sasa sisi wenyewe tunao hao?"

Kinyozi hajinyoi. Kampuni ya Mwenyekiti ilikuwa na wabia wawili: yeye na marehemu baba yake, ambaye hakuondolewa kwenye kibao cha nje kwa sababu ya heshima. Ndipo Mwenyekiti alipomkumbuka Dada wa Chini.

Dada wa Chini alikuwa wakili aliyetumia kiti cha magurudumu, na chumba chake kilikuwa sakafu ya chini, kati ya jiko na stoo ya viti vibovu. Lifti iliharibika zamani ikaundiwa kamati. Yeye ndiye aliyeandika hoja zote za kampuni, na Mwenyekiti ndiye aliyezipeleka mahakamani na kuzisema kwa ile sauti yake nzuri. Dada hakuwahi kufungua kinywa mbele ya jaji. Kila mwaka aliomba, na kila mwaka alishauriwa awe na subira, jambo ambalo kampuni iligawa bila ubahili.

Mwenyekiti akahesabu kwa vidole: mwanamke, kijana, ana ulemavu, katoka mbali, mama yake anauza mboga. Vidole vya mkono vikaisha na mtu bado ni yule yule. Alifurahi sana. Huo ndio unaoitwa ufanisi.

"Binti yangu," alimwambia, baada ya kushuka ngazi mwenyewe, "kuanzia leo wewe ni mbia."

Dada aliweka kalamu chini. "Mbia kweli, Mzee, au mbia wa ukaguzi?"

"Mbia wa kiapo. Nimeapa asubuhi hii mbele ya kamishna wa viapo."

"Basi ile kesi ya kiwanda cha sabuni naisema mimi. Hoja si nimeziandika mwenyewe?"

Mwenyekiti alicheka kwa upendo. Kesi hiyo ndiyo ambayo wazee wa Tume waliahidi kuja kuisikiliza, wamwone anavyonguruma. "Mambo ya kusema kesi baadaye, binti yangu. Haraka haraka haina baraka."

"Baadaye lini, Mzee?"

"Baadaye," alisema Mwenyekiti, na akapanda zake juu.

Ukaguzi ukaanza. Mkaguzi alikuwa mtu mwadilifu kupita kiasi. Alijizuia kabisa kukumbuka sura za watu, kwa kuwa kukumbuka sura ndio mwanzo wa upendeleo. Alimpa Dada mkono, akampongeza, akaweka alama zake na kuondoka.

Jioni ile shemeji akapiga simu. "Shemeji, niazime huyo mbia wako kesho asubuhi. Mchana nakurudishia."

Ungemnyimaje kaka wa mkeo? Mwenyekiti akamwandikia na maneno ya kiapo, asihangaike. Ofisi ya shemeji ilikuwa ghorofani, kwa hiyo matarishi wanne walimbeba Dada na kiti chake hadi juu, na mkaguzi aliyekuwa akitazama akaandika kwamba kampuni hiyo inawainua wanawake. Habari zikasambaa. Rafiki wa dawati moja naye akaomba, mkwe naye akaomba, kisha mji mzima. Dada akawa anaazimwa kama ngazi ya jirani. Kila alipofika mkaguzi alimwambia amefurahi kumfahamu.

"Mwanangu," mama wa chai alimuuliza, "na wewe unakubali tu kuzungushwa hivyo?"

"Mama, kila ninapofika wananiapia mbele yangu. Mimi ni wakili. Kiapo cha mtu sikikatizi."

Mwenyekiti, aliyekuwa akipita, alipendezwa na jinsi binti huyo anavyoheshimu taratibu.

Ripoti ikatoka, ina jalada gumu na utepe. Kila kampuni mjini ilikuwa imetimiza masharti. Mkwe alipatwa na wasiwasi kwamba wabia wote wapya wana jina moja, lakini Mwenyekiti akamwelimisha kwamba ni jina la kawaida huko wanakotoka. Nakala zikapelekwa kwa Tume na kwa majaji wote.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Kiwanda cha sabuni kilikuwa kinashtaki kiwanda cha rangi kwa sababu ya mfereji wa maji machafu. Mwenyekiti aliwakilisha sabuni, shemeji aliwakilisha rangi, na wazee wa Tume walikaa nyuma. Jaji alikuwa mama mmoja mwenye tabia mbaya ya kusoma anachopelekewa.

"Kabla hatujaanza," alisema, "naona mbia wa upande wa sabuni ndiye mbia wa upande wa rangi. Mtu hawezi kukaa pande zote mbili za kesi moja. Nani atanieleza?"

Shemeji alisimama. "Mheshimiwa, sisi tulimwazima tu."

"Na kiapo?"

"Kiapo nacho tuliazima, Mheshimiwa."

Wazee wa Tume wakatazamana. Mwenyekiti alipiga hesabu upesi. Akisema Dada si mbia, ameapa uongo, na kiti kimekwenda. "Kwangu mimi ni mbia halisi, Mheshimiwa! Mbia kamili!"

"Vizuri. Panda kizimbani ulithibitishe hilo. Na unajua kwamba wakili akigeuka shahidi, kesi hiyo hawezi kuiendesha tena."

Mwenye kiwanda cha sabuni aliruka. "Sasa kesi yangu nani ataisema?"

"Kampuni ina mbia mwingine?" jaji aliuliza.

"Yupo marehemu baba," alisema Mwenyekiti kwa mazoea.

"Aliye hai."

Magurudumu yakasikika kutoka mlango wa pembeni, ule wanaopitishia majalada. Watu wakapisha. Dada wa Chini hakushika karatasi hata moja. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kupanda kizimbani.

"Mheshimiwa Jaji, nauwakilisha upande wa sabuni. Naomba kumuuliza shahidi."

"Endelea, wakili."

"Shahidi, mimi ni nani kwako?"

"Ah, huyu ni binti yangu..."

"Jibu ulichoulizwa," alisema jaji.

"Mbia wangu."

"Mwenye haki sawa na zako?"

Mwenyekiti alitupa jicho kwa wazee wa Tume. Walikuwa wameinua kalamu. "Sawa na zangu."

"Siku uliyoniapia nilikuomba niiseme kesi hii. Ukasema baadaye. Ieleze mahakama, shahidi, baadaye hiyo ni lini?"

Mwenyekiti aliwatazama tena wazee wa Tume. Alitafuta ile sauti yake nzuri asiipate.

"Leo," alisema.

"Kwa sauti, shahidi. Watu ni wengi."

"Leo, Mheshimiwa!"

"Asante. Unaweza kushuka."

Dada akaanza kuusema ule mfereji, na ukumbi mzima ukamsikiliza. Mwenyekiti alishuka akitafuta pa kukaa. Meza ya mawakili haikuwa yake tena, na nafasi iliyobaki ilikuwa nyuma, kando ya mzee wa Tume. Mzee alisogea kumpisha, akamwinamia sikioni bila kuondoa macho kwa Dada.

"Tunakushukuru kwa ripoti," alinong'ona. "Tulikuwa hatujui kile kiti tumpe nani."