Malalamiko Dhidi ya Silikoni Iliyoninyang'anya Ufunguo wa Stoo

Kwako Bwana Shamba wetu, mlezi wa miche yote, na sasa mlezi wa ndoa yangu bila kuombwa,

Natumaini u mzima. Mimi nina hasira, ila nitaandika kwa adabu kama nilivyolelewa.

Wajua mimi na mama watoto tuna kitalu cha miche ya pesheni nyuma ya nyumba, upande mmoja wake, mmoja wangu. Miche ilipoungua kingo za majani ulikuja, ukashika jani moja, ukasema mbolea imezidi hadi imekuwa sumu. Kisha ukamkabidhi mke wangu, nami nimesimama hapo hapo, silikoni ya kuchanganya na maji, eti inaukomaza mche ustahimili sumu hiyo. Basi sikiliza:

1. Silikoni, kwa maneno yako mwenyewe, inapatikana mchangani. Mchanga, Bwana Shamba! Kila siku tunaufagia mlangoni, kumbe tunatupa dawa.

2. Imefanya kazi. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Upande wa mke wangu miche imenyanyuka, majani yanang'aa. Upande wangu wateja wanapita kimya kama wanapita msibani. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia na mpaka leo hajagusa begi lake, anasema tangu zamani alijua mkono wangu una kiherehere.

3. Ofisi yako hiyo hiyo msimu uliopita ilitukusanya juani ikatuhubiria: mbolea, mbolea, mbolea! Nikatii. Leo mnaniletea dawa ya kuvumilia utii wangu. Mnatumwagia pilipili machoni, halafu mnakuja na kitambaa na mnataka tuwashukuru kwa kitambaa.

4. Ulimwambia mke wangu kwamba silikoni inasaidia tu, dawa hasa ni kupunguza mbolea. Akauchukua ufunguo wa stoo, anautembeza shingoni. Mimi mwenye nyumba naomba mbolea kama mtoto anayeomba sukari. Jamani, chakula kimeua nani?

5. Kwa kuwa silikoni inapoza makali ya kilichozidi, naomba na watu nao wagawiwe. Mimi nipewe ya kumstahimili mama mkwe. Wananchi wote tupewe ya hotuba zenu. Msipunguze hotuba, hasha! Tukomazeni sisi tu, mwendelee kumwaga.

Kwa hiyo nadai umwamuru mke wangu anirudishie ufunguo, maana hakuna aijuaye miche ile kama mimi.

Wasalimie wote ofisini, hata yule karani ambaye kila nikija hunijibu kwamba wewe umetoka sasa hivi.

Ni mimi, mwenye kitalu kwa jina tu.

N.B. Juzi mama watoto alikwenda kumuuguza dada yake, ufunguo akamwachia mama mkwe, na mama mkwe akasinzia. Niliilisha mbolea miche ya upande wa mke wangu, kwa mapenzi tu, kidogo kidogo, mfuko mzima. Leo kingo zimeungua. Anarudi kesho. Ndugu yangu, njoo mbio na huo mchanga wako, na upite mlango wa nyuma, wa mbele amekaa mama mkwe.