Mke Mwenza Asiyepumua

Jumatatu, 3 Machi

Ehee, daftari langu, leo umenikumbuka! Siku zote hizi ulikuwa wapi, hata hodi? Kaa hapo. Nina uchungu. Mjukuu wangu, mume wangu huyo, aliyenifundisha herufi jikoni nikiwa na mvi tayari, haji tena nyumbani. Kaniletea mke mwenza: dude la chuma kule maabara, limenyonywa hewa yote, limezungushiwa karatasi ya kung'aa, ile ya kufunikia chakula. Ndani anaweka kipande cha metali, kidogo kama ukucha, anakitandikia utando usioonekana kwa macho. Anataka picha, aone atomu zimejipangaje. Asipoipata kabla ya Ijumaa, profesa wake anamfukuza.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia simu, nikamwambia nakufa. Akasema pole bibi, nijikaze mpaka Ijumaa. Mshenzi! Nimelia. Kisha nikala chakula nilichomwekea.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfuata hukohuko. Amekonda, macho yamezama. Kasema nisisogee, uso wa kile kipande hautaki uchafu wowote, hata pumzi inauharibu. Pumzi yangu! Mimi niliyempuliza vidonda vyote vya utoto! Alipokwenda kumwita fundi wa pampu, nikakiona kipande kwenye kisahani, kinangoja kuingizwa. Kimefifia, maskini. Mate kidogo, upindo wa gauni, sugua. Kioo! Sasa atamaliza mapema, aje alale kwake.

Alhamisi, 6 Machi

Picha hakuna. Badala ya vidoti vilivyojipanga, ukungu mtupu. Profesa kasema kuna chumvi ya mwili wa mtu. Dude zima limechafuka: lifunguliwe, lioshwe, lipashwe moto upya. Kauliza nani kagusa. Mjukuu wangu kajibu kwamba ni yeye. Na uzi wa gauni langu alikwisha kuuona kwenye kisahani! Kanieleza kwa simu, sauti chini, bila lawama. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Hakufukuzwa. Kapewa nafasi moja, ya mwisho. Dude linapashwa moto, naye analala sakafuni ubavuni mwake. Hapa nyumba kimya, nasikia bomba likidondosha maji. Nimelitafuta kosa langu kutwa nzima, na nimelipata: mate peke yake hayatoshi.

Wewe, ukija tena, usije mikono mitupu. Niletee jivu la kusugulia, lile laini, lililochekechwa.