Chauffage ya Motokari ya Marehemu Papa

Jumatatu, tarehe 11 mwezi wa nane

Nimeshtuka. Familia imekaa leo kupanga harusi ya Bénite, mutoto wa kaka yangu marehemu. Mimi baba yake mudogo ndiye nilimulea. Donc Jumamosi mimi ndiye wa kumupeleka mji wa Beni kwa bwana yake, ndani ya motokari ya marehemu papa yangu, ya mwaka 1974, rangi ya maziwa. Nilizani mambo yamekwisha. Hapana! Shemeji Gracien, ndugu ya bibi yangu, akasimama, miwani ya jua ndani ya nyumba, akatoa jeep yake mupya ibebe bibi harusi. Eti ya kwangu ni friji. Eti baridi ya asubuhi ya hapa Butembo itamufikisha mutoto Beni na mafua.

Tantine Kavugho, shangazi yetu, ambaye neno lake halirudishwi, akakata: chauffage yangu, ile mashine ya joto ya motokari, isipotoa joto mpaka Ijumaa, Bénite atapanda kwa Gracien. Mimi nitafuata nyuma na masufuria. Mimi!

Akamugeukia Bénite pia. Mutoto anachekacheka tu. Tantine anasema bibi harusi akiacha nyumba bila chozi ni haya kubwa. Bakwe, watu wa bwana yake, batasema tulikuwa tunamutesa. Bénite akaitika, huku anacheka.

Jumanne, tarehe 12

Fundi Kitsa alisema nishike mipira miwili inayopitisha maji ya moto ya mota ndani ya chauffage. Nikashika. Mumoja moto, wa pili baridi. Donc imeziba. Kitsa alitaka kuifungua pole pole. Nani angoje? Nilichomeka mupira wa bustani mwenyewe, nikafungulia maji kwa nguvu. Yakatoka matope, halafu kitu kama sombe, majani ya muhogo ya kupika, yote juu ya shati langu la misa.

Mais joto ikakuja! Nililia kidogo.

Jumatano, tarehe 13

Robinet ya chauffage, ile ya kufunga maji ya moto, imekwama wazi. Joto haifungwi tena. Si kitu, nani anafunga joto Butembo?

Shida ingine: ventilateur, feni ya kusukuma joto, inanguruma, haipulizi. Nikafungua kifuniko chini ya kioo cha mbele. Panya! Mama na batoto yake, wamelalia kravati yangu nyekundu ya shingoni. Ile niliyomushitakia Gracien mbele ya familia nzima kwamba aliiiba Noeli. Sitamuambia.

Panya walikimbia, mais panya hurudi. Kwetu Kipese mama alichanganya pilipili ya kusaga na mahindi ndani ya gala, panya wakahama. Nikamimina pilipili yote ya muke wangu Mariette ndani ya tundu la hewa. Bakuli nzima. Mariette akauliza pilipili yake iko wapi. Nikamujibu hata mimi nashangaa.

Ijumaa, tarehe 15

Tantine akaingia, akavua viatu, akasikia joto miguuni. Akasema nimeshinda. Ventilateur hatukuiwasha, fusible, ile fyuzi yake, imeungua, Kitsa ataleta ingine kesho. Gracien hakumaliza chakula chake. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, tarehe 16

Mambo niliyoona leo, sijui niyaandike namna gani.

Bénite alitoka nyumbani meno yote inje. Tantine akamufinya, hakuna kitu. Bajumbe ya bakwe banaangalia. Nikabaketisha Bénite na Tantine nyuma. Vioo vimejaa mvuke. Kitsa akaweka fusible. Gracien alikuwa ameingiza kichwa dirishani kutafuta kosa. Nikawasha ventilateur mpaka mwisho.

Pilipili ilikuja yote, na ya moto. Bénite alilia akimuita marehemu papa yake. Tantine alilia. Gracien alilia kuliko wote. Nilizani nimemuua mutoto wa kaka yangu.

Bamama wakapiga vigelegele. Papa Mbusa, mukubwa wa bajumbe, akavua kofia. Akasema hajaona mutoto anayependa kwao namna hii. Na huyu shemeji anayelia dirishani, roho ya ajabu!

Tulishuka mpaka Beni vioo wazi. Kule jua, na chauffage haifungwi. Delphin, bwana harusi, akaingia ndani ya motokari tupigwe picha. Nikamuhurumia na jasho lake. Nikawasha ventilateur apate hewa.

Pilipili ilikuwa imebaki.

Mama ya Delphin akauliza nani anamulazimisha kuoa. Mbele ya altare padri akamuuliza kama amekuja kwa mapenzi yake, Delphin akakohoa. Akaulizwa tena, akakohoa tena, machozi tiririka. Kanisa nzima wakainuka kuangalia. Niliona mbuzi zote za mahari zinarudi Beni na jina langu shingoni. Halafu Bénite, macho mekundu, akamuangalia, akaanza kucheka. Delphin naye akacheka. Akaitika ndiyo mpaka inje wakasikia.

Jumapili, tarehe 17

Bénite amenipigia simu. Alitambua harufu ya pilipili tangu Butembo. Nilingoja matusi. Akasema wiki nzima alicheka kwa sababu aliogopa: akianza kumulilia marehemu papa yake, hataacha. Pilipili ilifungua mulango tu, machozi yalikuwa yake. Akaniita papa. Si baba mudogo. Papa.

Nilitaka kumujibu vizuri, mais simu ingine ikaingia. Papa Mbusa. Binti yake anaolewa mwezi wa kumi, na binti huyo naye ni mutu wa kucheka. Banaitaka motokari yangu, hapana jeep ya Gracien.

Mariette amesema nisafishe ile tundu leo leo, kabla sijaua mutu. Nimekubali. Nimesafisha vizuri sana, hakuna hata vumbi.

Sasa bakuli mbili za pilipili zitaingia bila shida. Nimeagiza ya kule Mabalako, banasema ni kali zaidi.