Wiki Niliyoufunga Ulimi

Jumapili, 4 Juni

Mahubiri ya leo: ulimi. Dakika hamsini na tano. Mchungaji amesema wengi wetu tunakuja kumwimbia Mungu kwa vinywa vilivyochoka kusengenya njiani. Nikageuka kutazama nani ameguswa. Wengi. Nimewahesabu hadi safu ya sita, mke wangu akanifinya.

Kisha likaja tangazo. Wiki nzima ya mfungo wa ulimi! Kila muumini amepewa kadi yenye mistari saba. Kila jioni, kama hukumsema mtu vibaya, hukufoka wala hukutoa siri ya mwenzio, unaweka alama ya vema. Atakayeushika mfungo vizuri atatoa ushuhuda madhabahuni Jumapili ijayo.

Ushuhuda huo ni wangu. Sijapewa kipaza sauti tangu mwaka juzi, niliposoma matangazo kwa dakika arobaini. Yalikuwa matangazo manne.

Mpinzani ni mmoja tu: Mwashi, anayekaa safu ya nyuma. Miaka kumi na moja nimemsikia akisema maneno matatu, na moja lilikuwa chafya. Watu wameanza kunong'ona kwamba atashinda. Nimewaambia si haki. Yule hafungi, ndivyo alivyo! Ni sawa na kumsifu kuku kwa kutovuta sigara.

Nimeweka vema ya leo. Habari ya Mwashi nilisema kabla kadi hazijaisha kugawiwa.

Jumatatu, 5 Juni

Mpango: kutosema kabisa. Nisiposema lolote sitasema baya. Hesabu rahisi.

Nimefika kazini masjala saa mbili kasorobo. Bosi akaja akitaka jalada la likizo. Nikamwonyesha kabati kwa kidole. Akauliza rafu ipi. Vidole vitatu. Akauliza kama mdomo unaniuma, babu wee, mbona nimeukaza hivyo. Nilitaka kutikisa kichwa kukataa, lakini nadhani nilikitikisa kwa uchungu. Akaniandikia ruhusa ya kwenda kliniki ya meno palepale. Mama yule ana huruma sana akiamua.

Ruhusa ya bosi ni amri. Nikaenda. Daktari akaniambia nifungue kinywa. Nikafungua. Akauliza ni jino lipi. Sikujibu. Akalitafuta mwenyewe, akalipata, akaling'oa.

Nimerudi nyumbani na pamba mdomoni. Sasa hata nikitaka kusema siwezi. Naona mkono wa Mungu kabisa. Mke wangu haoni hivyo.

Vema.

Jumanne, 6 Juni

Shavu limevimba. Kazini nimetumia vikaratasi. Nimeandika thelathini na vinne, vyote nimevitia tarehe.

Jioni nimepita kwa Fundi kuchukua suruali iliyokuwa ikipunguzwa. Fundi ni rafiki yangu tangu tulipokaa dawati moja shuleni. Cherehani yake iko palepale mlangoni, na mita imemning'inia shingoni kama kawaida. Nikamwandikia: niko kwenye mfungo. Akacheka sana. Kisha akaacha kucheka, akafunga nusu ya mlango.

Akasema, kwa kuwa wiki hii sisemi, basi mimi ndiye mtu wa kutua mzigo kwake. Macho yanamtupa. Uzi hauingii kwenye sindano mpaka ajaribu mara nane, tisa. Juzi ameshona mfuko wa shati la mtu upande wa ndani. Ijumaa anakwenda kupimwa. Anaogopa. Keshokutwa Mwalimu wa Kwaya analeta kitambaa cha majoho thelathini, kazi kubwa kuliko zote alizopata tangu afungue duka. Mwalimu akisikia neno moja tu, kitambaa kitaishia ng'ambo ya barabara, kwa yule fundi mwingine. Akaniomba nisimwambie mtu. Hata shemeji yake, yaani mke wangu.

Nikaweka mkono kifuani. Nikatikisa kichwa kukubali. Machozi yalinilengalenga, na si kwa sababu ya jino.

Suruali haikuwa tayari.

Vema kubwa.

Jumatano, 7 Juni

Siri ya mtu ni nzito jamani! Nimeibeba tangu asubuhi. Uvimbe umeshuka, ulimi umekuwa mwepesi, hatari imeongezeka. Mke wangu aliniuliza mara mbili nina nini. Nikanywa chai ya moto ili kinywa kiwe na shughuli.

Saa kumi na moja jioni, maombi ya mtaa, sebuleni kwa Mkunga. Tulikuwa tisa. Kila mtu alete hitaji. Hapo ndipo nilipopata wazo. Maombi si maneno ya kuambiana. Unasema na Mungu, naye anajua tayari, kwa hiyo hakuna siri iliyotoka. Tena macho yamefungwa. Na Fundi anahitaji maombi, nani atakataa?

Nimeomba kwa busara sana. Jina sikulitaja. Nilisema tu: Ee Bwana, mkumbuke mtumishi wako mmoja, ambaye jina lake nimelisitiri, wa duka lenye mlango wa kijani karibu na bomba, Wewe unaona alivyoushona mfuko kwa ndani, umrudishie macho yake kabla ya yale majoho thelathini.

Waliitikia Amina kwa nguvu ambayo sijaisikia miezi mingi. Nilipofumbua macho, mke wa Mwalimu wa Kwaya alikuwa amefumbua yake zamani. Alikuwa ananitazama.

Nimejisikia mwepesi kama unyoya. Vema.

Alhamisi, 8 Juni

Majanga.

Mke wangu amerudi kutoka sokoni na habari. Kitambaa cha majoho kimepita mbele ya mlango wa kijani, kikavuka barabara, kikaingia kwa fundi wa pili. Mwalimu wa Kwaya hakusimama hata kusalimia. Na mwalimu mkuu wa shule ya msingi ametuma mtu kuchukua sare zilizokuwa zikishonwa, ziwe zimeisha au hazijaisha.

Akaniuliza kama ninajua chochote kuhusu macho ya Fundi. Nikachukua kikaratasi. Akakichukua kikaratasi kutoka mkononi mwangu, akakiweka juu ya kabati. Akangoja.

Nikamweleza tofauti kati ya kusema na kuomba. Nilieleza kwa mpangilio, kwanza, pili na tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, umemwuza shemeji yangu huku umepiga magoti." Amenyamaza tangu saa tisa. Huyu hata kadi hakuchukua!

Alama ya leo nimeiacha wazi. Nafikiria.

(Baadaye.) Nimeweka vema. Kosa, kama lipo, ni la jana.

Ijumaa, 9 Juni

Mpango wa kurekebisha. Kama maneno yamebomoa, maneno yatajenga.

Fundi amekwenda kupimwa asubuhi, duka limefungwa. Ni nafasi nzuri ya kumtetea bila yeye kuona haya. Nimeomba saa mbili za ruhusa kwa bosi. Amenitazama shavu, amenipa.

Kwanza kwa Mwalimu wa Kwaya. Nikamwambia Fundi anaona vizuri mno. Anaona kama mwewe. Anaweza kuhesabu nyuzi za shuka akiwa ng'ambo ya barabara. Mwalimu akasema mbona yeye hajaniuliza kitu. Nikamwambia ndiyo, lakini yanayosemwa si kweli. Akauliza ni yapi hasa, kwa sababu yeye amesikia habari ya mfuko ulioshonwa kwa ndani tu. Ikabidi nimtajie mengine ili niyakanushe moja moja. Akauliza basi mbona duka limefungwa. Nikamwambia Fundi amekwenda kupimwa macho, lakini kwa kawaida tu, watu wazima wote hupimwa.

Nikaenda kwa Mkunga. Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Nikamkuta muuza mkaa njiani, yeye hakuwa anajua chochote, nikamwanzia mwanzo.

Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa na uhakika kwamba Fundi ni kipofu. Mkunga alikuwa anatafuta fimbo nyeupe ya kumchangia.

Nimerudi nyumbani, mke wangu hayupo. Kile kitambaa cha bluu alichokihifadhi miaka miwili sandukuni nacho hakipo. Amerudi saa kumi na mbili, ameosha vyombo, hakusema alikokwenda. Nikamwuliza. Akasema yuko kwenye mfungo.

Nimeweka alama ya kosa. Ndogo, kwa penseli.

Jumamosi, 10 Juni

Nimekwenda kwa Fundi. Nimezunguka bomba mara nne kwanza, nikijifanya nina kiu.

Alikuwa kwenye cherehani. Puani ana miwani! Daktari amemwambia macho ni mazima, umri tu, avae miwani ya kushonea. Uzi umeingia mara ya kwanza. Nikataka kushangilia. Akainua mkono, nikanyamaza.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema juzi Alhamisi aliifuta meza yote, akaitandika shuka safi ili kitambaa cha majoho kisipate vumbi. Akakaa. Aliona kitambaa kikipita. Akadhani Mwalimu anakwenda kusalimia kwanza ng'ambo, atarudi. Akakaa mpaka saa ya kufunga.

Nikaanza kueleza habari ya maombi. Akasema, "Ndugu yangu, kwamba uzi hauingii, hilo wangeligundua wenyewe. Mimi nilikuambia wewe kwamba naogopa. Hilo sikumwambia hata mama mzazi."

Nilisimama pale nikashika mkanda wa mita, nikaukunja, nikaukunjua. Nikamwomba msamaha kwa neno moja, kwa sababu mengine yote yalikataa kutoka. Nililia kidogo. Akajifanya anatafuta mkasi.

Akasema amenisamehe. Lakini ana ombi moja. Nisimtetee, nisimwombee hadharani, nisimweleze kwa mtu. Kwa zuri wala kwa baya. Macho yake, duka lake, hofu yake, na huu msamaha wenyewe: visitoke kinywani mwangu. Nimeahidi. Kwa sauti, si kwa kichwa.

Akanipa suruali yangu. Mishono imenyooka kama mstari wa rula. Kwenye meza, chini ya mkono wake, kulikuwa na kitambaa cha bluu ninachokijua.

Jumapili, 11 Juni

Mke wangu ameingia kanisani na gauni la bluu. Hakwenda mahali petu. Amekaa mbele kabisa, chini ya pua za kwaya. Wimbo wa kwanza, sauti ya pili ilipotea kidogo, kwa sababu wale akina mama walikuwa wanasoma mishono ya kola yake. Wimbo wa pili mmoja aliinama kabisa. Mapambo ya uzi yaliyotiwa kwa mkono, madogo kama punje za mtama, safu mbili hazikupishana.

Baada ya ibada walimzunguka uani. Nani amekushonea? Akawaambia. Lini? Jana, amemaliza saa kumi. Basi. Maneno mawili matatu, akaenda kutafuta mwavuli wake. Yule fundi wa pili alikuwa amekata majoho tisa tu. Kitambaa kilichobaki kilivuka barabara kurudi kabla ya saa nane mchana. Nimekiona mwenyewe, Mwalimu wa Kwaya akiwa amekibeba begani kama mgonjwa.

Majoho tisa hayatarudi. Hayo ni yangu.

Ushuhuda amepewa Mwashi. Alipanda madhabahuni, akashika kipaza sauti, akasema, "Asanteni." Akashuka. Walipiga makofi mpaka ngoma ya kwaya ikaanguka.

Mchungaji aliitazama kadi yangu muda mrefu, hasa alama ya Ijumaa. Akaniuliza kama nina la kusema. Nikamwona Fundi safu ya tatu, miwani imeshuka puani. Nikatikisa kichwa. La, sina.

Mlangoni Fundi alinipa mkono. Mke wangu amenipakulia chakula, tena ameniuliza kama jino limepona. Nadhani huu ndio utulivu uliohubiriwa. Nimekaa nao jioni nzima. Mtamu kweli.

Jumatatu, 12 Juni

Siku ya pili ya ukimya wa kweli. Kazini watu walinisogelea kuuliza habari ya fundi na macho. Sikujibu hata mmoja! Bosi mwenyewe aliuliza. Nikamwambia sina ninalojua, nikampa jalada. Nimeshangaa ninavyoweza. Hakika nimebadilika.

Saa sita mchana jambo kubwa likanijia, nikaacha hata kula. Mabadiliko ya namna hii yakikaa kwa mtu mmoja yanamfaa nani? Nikampigia simu mchungaji wa usharika wa pili, ule wa juu kilimani. Nikamweleza kwamba nina ushuhuda juu ya kutunza siri ya rafiki. Akafurahi sana. Amenipa Jumapili, dakika ishirini, na kipaza sauti.

Ahadi ninaishika. Ahadi nimeipima vizuri: ilihusu watu wa mtaa huu, maana hao ndio wanaomjua. Nimekwisha kuandika kurasa sita, zina vichwa vidogo na tarehe. Mke wangu sijamwambia. Nataka iwe furaha ya ghafla.

Kuna ugumu mmoja tu. Kule kilimani hakuna hata mmoja anayemfahamu Fundi. Itanibidi nianze kwa kuwaeleza ni nani, na duka lake liko wapi.