Uzinduzi wa Orodha ya Watuma Takataka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Afya, Makamu wake, Msaidizi wa Makamu wake, wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wote mnaokaimu mwaka wa nne sasa, wauguzi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi, safu ya mbele.)

Mimi Mkurugenzi wenu, mtu nisiyependa kujisifu ingawa sifa zipo, natangaza kwamba spamu, yaani zile barua pepe za dawa za upara na urithi wa marehemu tusiowajua, sasa ni historia, kwani kupitia mchakato wa kimkakati, shirikishi na wa kidijitali, ofisi yangu imejiunga na orodha ya watuma takataka inayotungwa na wataalamu wa nje, ambao hatuwajui wala hawatujui, lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone! (Vicheko.) Barua ikifika, seva yetu, yaani mtambo wa kupokea barua pepe, inaiuliza orodha: huyu yumo? Akiwemo, mlango unafungwa. Matokeo? Tangu Januari, spamu sifuri! Hata mimi nilishtuka. (Vigelegele.)

(Mkunga, kutoka nyuma: "Na barua zetu za kazi je, Mkurugenzi?")

Keti, mama mkunga. Ulishaniambia pale mlangoni: umetuma barua tisa za kuomba uhamisho, mumeo amepooza, yuko mwendo wa siku mbili kutoka hapa, na jirani ndiye anayemgeuza kitandani. Inaniuma, nami nina mke. Lakini teknolojia haina upendeleo, dada yangu. Pengine zahanati yako inatumia anwani moja na muuza dawa za upara, na samaki mmoja akioza... (Safu ya mbele: "Wote wameoza!") Ahsanteni. Nafasi kule aliko mumeo ilikuwepo kweli. Tuliifunga Ijumaa kwa kukosa mwombaji.

Takataka! (Safu ya mbele: "Nje!") Barua safi! ("Ndani!")

Mwisho, namshukuru fundi wetu wa kompyuta, aliyeuzima mtambo wa zamani mwezi huo huo wa Januari ili kuupisha mpya, na ambaye leo, alipoona siifikii maikrofoni, aliniletea boksi hili nisimame juu yake. Boksi imara! Utepe wake haujaguswa, na ubavuni limeandikwa... fundi, hebu nisomee.

(Fundi, akitazama viatu vyake: "Seva ya barua pepe, mzee.")

Mama mkunga, unaenda wapi? Tuma ya kumi, tutaijibu!